Upande Asiouona Mfumaji

Kinondoni, 5 Machi

Zulia la ukutani, kwa maana nitakayoishikilia katika kurasa hizi, ni kitambaa ambacho picha yake haikuchapwa wala haikudariziwa juu yake, bali imejengwa pamoja nacho: ukiiondoa picha, kitambaa nacho hakipo. Nyuzi zilizosimama huitwa mtande. Zinazopita kati yake huitwa mshindio, nazo ndizo zinazobeba rangi. Zulia lina pande mbili. Mgongo ni upande unaomkabili mfumaji anapofanya kazi, ambako hukatia sufu na kuacha vikia vyake. Uso ni upande wa pili, utakaotazamwa na watu. Kwa hiyo fasili iliyo fupi kuliko zote ni hii: uso ni upande asiouona mfumaji.

Naiandika kwa sababu Farzana, binti wa kaka yangu, ameniomba maandishi ya kibao cha maelezo kitakachowekwa kando ya zulia jipya. Maktaba ya jamaa zetu hapa Kinondoni, anayoisimamia, itafunguliwa upya tarehe mosi Juni, na katika ukumbi wa kusomea litatundikwa zulia la mita mbili na sentimita themanini kwa mita moja na sentimita sitini. Mchoro ni wa Bwana Adelard wa Mwenge, mchoraji wa sanaa dhahania. Anayefuma ni fundi mmoja wa Kimara, Mauwa, mwenyeji wa Masasi. Mimi niliukuza mchoro, mraba kwa mraba, hadi kipimo kamili, kazi ambayo miaka thelathini na mmoja ya kufundisha jometri iliniandaa vya kutosha.

Nimeandika pia mkataba. Kifungu cha nne kinasema: jina la mfumaji litafumwa kwenye pindo endapo zulia litafanana na mchoro pasipo tofauti. Farzana alikiona kikali. Nilimjibu kwamba usahihi si ukali.

8 Machi

Mvua ya kwanza ya masika, dakika ishirini. Mifereji haikuwa imesafishwa.

12 Machi

Nimekwenda Kimara kukagua. Kitanda cha mfumi, yaani chombo cha kufumia, kimekijaza chumba kizima cha uani: nguzo mbili, gogo juu, gogo chini, na mtande wa pamba umekazwa kati yake. Karatasi yenye mchoro imesimama nyuma ya mtande, na fundi huifuata kwa macho akipitisha sufu kwa vidole na kuishindilia kwa kitana cha mti. Kila akimaliza shubiri mbili hulizungusha gogo la chini, na sehemu iliyokwisha hujiviringisha humo, isionekane tena hadi siku ya kukata.

"Shikamoo mwalimu. Vua viatu tu, sakafu nimeifuta sasa hivi."

"Marahaba. Umefika wapi?"

"Mita moja na sentimita kumi. Hali ya hewa ikiwa hivi sufu inakuwa nzito, siwezi kwenda mbio."

Nilimwambia kwamba mbio hazikuwemo katika mkataba. Kumbe mkataba ameuhifadhi.

"Mwalimu, pale pa nne paliposema 'litafanana', anayesema limefanana ni nani?"

"Bwana Adelard."

"Haya." Akapitisha nyuzi mbili tatu kabla ya kuendelea. "Miaka kumi na minne nafuma, kumi na miwili kati ya hiyo kwenye karakana ya mtu. Kazi zangu ziko Ulaya, ziko mahotelini. Lakini leo ukiniambia, Mauwa hebu nionyeshe moja uliyofuma wewe, sina. Zote zina majina ya wengine. Mama kule Masasi anadhani huku mjini nauza vitenge."

Nilimwambia kwamba anayelitaka jina aushike usahihi. Naamini nilisema vema.

17 Machi

Mvua usiku kucha. Nimesahihisha aya moja ya kibao, kisha nimerudisha neno la awali.

22 Machi

Kimara tena. Nilikwenda na mchoro mdogo wa asili, nikasimama nyuma ya kiti cha fundi, nikalinganisha sehemu iliyokuwa bado inaonekana: mraba kwa mraba, mstari kwa mstari. Wingu la rangi ya kutu linaingia kutoka kushoto kama katika mchoro. Majivu yako kati. Ule mstari mweupe mwembamba unaanza kuchomoza kulia. Hakuna tofauti hata moja. Fundi ana mikono mizuri sana. Niliondoka nimeridhika.

29 Machi

Mabibo sokoni hapapitiki kwa tope. Nyanya zimeoza matengani.

2 Aprili

Nilipita Mwenge kumwomba Bwana Adelard aje Kimara alione zulia kabla halijakwisha. Amekataa. Karakana yake iko nyuma ya soko la wachongaji, na ingawa yeye hachongi tangu ujanani, ameshika desturi zao.

"Mwalimu, baba yangu hakuwaga anamwonyesha mteja mti uliokatwa nusu. Mteja akiona nusu anaanza kuota nusu ya pili. Nitakuja likishakatwa."

Nilimuuliza mchoro unahusu nini, kwa ajili ya kibao. Alisema kama ungehusu kitu, angekichora kitu hicho.

10 Aprili

Idi. Mauwa amenitumia visheti ndani ya kopo la maziwa ya unga.

17 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, maana bila mpangilio sitaweza kuandika.

Saa tatu asubuhi Mauwa alipiga simu. Bati la chumba cha uani lilikuwa limeinuliwa na upepo, na maji yalimwagikia gogo la chini, lenye mita moja na sentimita tisini za kazi. Sufu iliyoloa ikikaa imeviringwa huvunda kwa siku mbili. Ilibidi gogo lifunguliwe na zulia litandazwe likauke. Nilifika saa tano. Tulilegeza mtande, tukalifungua, tukalilaza juu ya meza mbili zilizounganishwa, vikia chini, uso juu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kuuona uso huo.

Kwanza niliona uzuri, nami si mwepesi wa neno hilo. Rangi ya kutu ilikuwa na kina ambacho karatasi haikuwa nacho. Kisha niliona kwamba inaingia kutoka kulia.

Naeleza jambo hili kwa asiyejua ufumaji. Mfumaji huifuata karatasi kama anavyoiona. Upande wake hutoka sawa na karatasi, na uso hutoka umegeuka, kama mkono wa kulia unavyokuwa wa kushoto kwenye kioo. Ili uso utoke sawa, karatasi yenyewe lazima igeuzwe kabla ya kazi kuanza. Nililijua hilo. Nililisoma, nikalipigia hesabu, na mwezi wa Januari nikauchora mchoro mkubwa ukiwa umegeuzwa tayari.

"Mauwa, karatasi niliyokuletea uliiweka kama ilivyo?"

"Kama ilivyo? Thubutu! Niliibandika dirishani, jua lile la Januari, nikafuata mistari yote kwa nyuma, nikaigeuza. Nafanyaga hivyo kila kazi. La sivyo inatoka kinyume."

"Mimi nami niliigeuza."

Aliiachia kona ya zulia aliyokuwa anaikamua.

"Wewe? Ulijuaje mambo hayo?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje, mwalimu? Nilijua watu wa vitabu hawajui mambo ya kitanda. Nikasema nitamrekebishia kimyakimya, asije akaona haya."

"Nami nilidhani..." Sikuimaliza sentensi hiyo mbele yake. Naimaliza hapa. Nilidhani yeye ni mikono. Sikumweleza kwamba nimeugeuza mchoro kwa sababu sikuwaza kwamba angekuwa na swali. Alinifichia ujinga ambao sikuwa nao, nami nikamnyima akili aliyokuwa nayo, na marekebisho mawili yaliyo sahihi yakafutana.

Kuna jingine. Tarehe 22 Machi nililinganisha mgongo na mchoro wa asili nikaona vinafanana, nikaridhika. Kufanana huko ndiko kulikokuwa ushahidi wa kosa: kama kazi ingekuwa sawa, mgongo ungepaswa kutofautiana. Nilikuwa na uthibitisho mkononi nikauita mafanikio.

18 Aprili

Sikutoka. Nimejiambia asubuhi nzima kwamba picha isiyo ya kitu haina kushoto wala kulia. Mtu aliyegeuzwa ataonekana akila kwa mkono usio wake, lakini wingu la kutu halina mkono. Nani atajua?

Mchana hoja ilinenepa. Anayesoma Kiswahili huanza kushoto. Anayesoma Kurani huanza kulia, na katika nyumba ya baba yangu tulisoma kwa njia zote mbili kabla ya chai. Kwa jicho la kwanza, katika mchoro wa asili, kutu inaelekea kwenye mstari mweupe. Kwa jicho la pili, katika zulia hili lililogeuka, inaelekea huko huko. Basi kwa nusu ya wasomaji wa maktaba ile, kosa si kosa.

Hoja nzuri inayofika saa ile ile mtu anapoihitaji sharti ichunguzwe mara mbili. Niliichunguza. Ilikuwa hoja ya mtu aliyeandika kifungu cha nne.

19 Aprili

Nilipofika Kimara niliona shubiri moja ya zulia imefumuliwa. Mauwa alikuwa amekaa sakafuni, sufu iliyokatika imemzunguka, macho mekundu.

"Nimeanza baada ya swala ya alfajiri. Nikienda hivi nitafika chini kwa siku tisa, halafu naanza upya."

"Kisha?"

"Kisha nafuma."

"Mita mbili na themanini kwa mwezi mmoja? Kwa masika haya?"

Niliokota kipande cha sufu kilichokuwa cha kutu. Kilikuwa kimechakaa, hakifai hata kushonea kifungo.

"Mwalimu, usimwambie," alisema. "Kaka Adelard akijua, jina limekwenda."

"Nilifikiri hivyo hivyo jana. Nilifikiri siku nzima. Lakini akiligundua siku ya ufunguzi, mbele ya watu, atasema nani kakosea, na watu watamtazama nani? Mimi mwenye shahada, au wewe?"

Alisimamisha mkasi. "Watanitazama mie."

"Ndiyo. Kwa hiyo twende wote wawili, tuseme wenyewe."

Aliweka mkasi chini. Hii ni mara ya kwanza kumwona akikaa karibu na kitanda chake bila kukigusa.

22 Aprili

Mwenge. Jua kali kati ya mvua mbili, na patasi zikigonga kila upande. Bwana Adelard alikuwa anapaka ubao rangi nyeupe. Tulimweleza tukiwa tumesimama. Alisikiliza bila kuiweka chini brashi.

"Sasa aliyegeuza ni nani?"

"Mimi," nilisema.

"Ni mie," alisema Mauwa wakati huo huo.

"Hamuwezi kuwa wote."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Jamani!" Alimgeukia mchongaji wa kibanda cha pili. "Umesikia? Hapa Mwenge watu wanagombania wateja. Hawa wametoka Kinondoni na Kimara kuja kugombania kosa!"

"Wape wagawane," alijibu yule, na patasi kadhaa zikasimama kwa kicheko. Mauwa hakucheka. Bwana Adelard naye aliacha.

"Baba alichonga mpingo," alisema. "Mpingo ukishakosea haurudi. Pua ikikatika, unachonga mtu asiye na pua, unamwambia mteja ndivyo alivyozaliwa. Lakini huo ni mti. Nyuzi zinafumuka. Kwa nini nisiseme mfumue?"

"Sema," alisema Mauwa. "Nitafumua. Hata kama maktaba itafunguliwa ukuta mtupu."

"Na jina lako?"

"Jina kifungu kimeshalila."

Bwana Adelard alinitazama mimi, si yeye. Lilikuwa jicho la kumsubiri mwanafunzi akiri kosa, ambalo nilipokuwa mwalimu niliwatazama nalo wengi na sikuwahi kutazamwa nalo. Alisema atakuja kuona.

25 Aprili

Amekuja, amevaa viatu vya mpira vilivyojaa tope la Kimara. Tulikuwa tumelegeza mtande na kulitandaza zulia tena, uso mbele. Alisimama mbele yake robo saa.

"Zuri," alisema. "Lakini si langu."

Kisha alipita upande wa pili, mahali pa kiti cha Mauwa, mahali nilipokuwa nimesimama tarehe 22 Machi. Mgongo ulikuwa umejaa vikia vya sufu, mamia, vimening'inia, virefu na vifupi, na mafundo mahali rangi zinapokutana. Chini yake kutu ilikuwa inaingia kutoka kushoto.

"Hili hapa ndilo langu. Litundikwe hivi."

"Hapana," alisema Mauwa.

"Kwa nini? Angalia mwenyewe. Lile la mbele limenyooka mno. Hili linapumua."

"Kaka Adelard, wewe nikikualika kwangu kula, unaingilia jikoni?"

"Jikoni ndiko kwenye chakula, sista."

"Jikoni ndiko kwenye masufuria machafu! Hapo ndipo nilipokatia, nilipofungia, nilipokosea nikaunga. Hapaonyeshwi. Hata yule wa karakana, pamoja na roho yake mbaya, hakuwahi kumwonyesha mtu mgongo wa kazi yangu."

"Mwalimu," alisema Bwana Adelard, "kisome kifungu chako."

Nilikisoma. Sikuhitaji karatasi.

"Kinasema lifanane upande gani?"

"Hakisemi."

"Basi upande huu limefanana, pasipo tofauti. Sista, jina umepata."

"Jina langu chini ya uchafu wangu? Waingie watu, wasome Mauwa, waseme: kumbe huyu ndiye aliyeacha nyuzi zikining'inia?" Sauti yake ilikuwa chini sana. "Bora nisiwe na jina."

Hivyo ndivyo nilivyoutengeneza mtego, kwa lugha safi na vifungu vilivyopangwa. Zulia likitundikwa kwa uso, ufundi wake utaonekana na jina litapotea. Likitundikwa kwa mgongo, jina litakuwepo, na ufundi utakaoonekana ni ule alioficha maisha yake yote. Bwana Adelard hakuwa mkatili, na hata yeye aliona. Aliondoka bila kunywa chai.

30 Aprili

Mvua. Mauwa anafuma tena, akianzia pale alipofumua. Anafuata karatasi ile ile, maana zulia haliwezi kuwa na nusu iliyogeuka na nusu isiyogeuka.

4 Mei

Redio inatangaza kimbunga. Kwetu ni upepo tu, na mpapai wa jirani umelala juu ya ukuta wangu.

6 Mei

Nimekwenda Mwenge na mkataba. Mbele ya Bwana Adelard nilikipiga mstari kifungu cha nne, nikaweka saini pembeni, nikamsogezea kalamu. Farzana alikuwa ameshakubali kwa simu.

"Unakifuta kwa sababu gani, mwalimu?"

"Nilikiandika ili kumchunga mtu ambaye hakuhitaji kuchungwa, na hakikuweza kunichunga mimi."

Alitia saini. Kisha alisugua rangi kwenye kidole gumba kwa muda.

"Mie siung'ang'anii ule mgongo," alisema. "Nimeuota siku zote hizi, lakini siung'ang'anii. Mwambie hivi. Afume jina lake kwenye pindo. Jina haliwi kama hii michoro yangu, lina mwanzo na mwisho, linasomeka upande mmoja tu. Pale litakaposomeka, hapo ndipo mbele. Akichagua uso, sawa, langu limegeuka, nitalizoea. Akichagua mgongo, nitamshukuru."

"Na jina lako?"

"Langu liko kwenye karatasi, na mtaliandika kwenye kibao. Kwenye nguo liwe lake."

7 Mei

Nimemfikishia Mauwa maneno hayo kama yalivyosemwa. Alipitisha sufu, akashindilia kwa kitana, akapitisha tena.

"Kwa hiyo mzigo kanitwika mie."

"Amekupa uamuzi."

"Si ndiyo huo huo, mwalimu?"

Nilimuuliza kama anataka tuufikirie pamoja. Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu bati lile. "Tukifikiri wawili, wewe utageuza na mie nitageuza. Niachie."

15 Mei

Nimeona jambo. Kuanzia pale alipofumua kwenda juu, hakuna vikia. Kila uzi anapoukata huurudisha ndani ya mtande kwa sindano ya gunia, na mgongo unatoka laini kama uso. Kazi inachukua muda zaidi, naye sasa hufuma hadi usiku wa manane. Nilimuuliza kwa nini.

"Si kuna mtu ameshaingia jikoni?"

20 Mei

Mvua zinapungua. Nimeandika kibao chote isipokuwa sentensi moja.

24 Mei

Siku ya kukata. Mauwa alikuwa amevaa dera jipya. Bwana Adelard alifika mapema na maandazi, Farzana alichelewa. Pindo lilikuwa limefunikwa kwa kanga na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Desturi ya karakana yake ya zamani, alieleza, ilikuwa mwenye mali kukata mtande na mfumaji kusimama pembeni. Leo alinipa mkasi mimi nikate nyuzi za kushoto, akampa Bwana Adelard akate za kulia, na zile za kati akazikata mwenyewe. Zulia lilishuka kwa uzito niliousikia kwenye sakafu. Tulilishika, tukaliinua kwenye kamba ya kuanikia uani, juani, lisimame huru. Kisha akaiondoa kanga.

Nilitazama ukingo wa chini. Hapakuwa na kitu. Jina lilikuwa pembeni, limesimama: herufi juu ya herufi, kutoka juu kwenda chini, nyeupe juu ya majivu, kila moja ndogo kama kiganja cha mtoto. M, A, U, W, A.

Bwana Adelard alizunguka upande wa pili. Tulimsikia akivuta pumzi.

"Linasomeka," alisema.

Farzana alikwenda kuona. Nami nilikwenda. Kila moja ya herufi hizo ina nusu mbili zinazolingana, na zikipangwa wima hakuna kushoto kwa kuzigeuza. Nimeufundisha ulinganifu wa namna hiyo kwa miaka thelathini na mmoja, nimelitamka jina hili tangu Januari, nimeliandika katika mkataba, na sikuliona.

"Umeligundua vipi?" nilimuuliza.

"Nilikuwa najipaka wanja. Nikaliandika kwenye kioo cha kabati, hivi tu, kwa penseli ile ile. Nikalitazama, nikasema, kumbe!" Alishika kiuno. "Kaka Adelard, ulisema pale litakaposomeka. Haya, chagua."

"Sista, umenipiga chenga."

"Nimekurudishia mzigo."

Bwana Adelard alicheka hadi akakaa chini kwenye ndoo. Mimi nilikuwa namtazama Mauwa. Alikuwa ameinua simu, anapiga picha ya jina, mara upande huu, mara upande ule. Kisha alizituma, nikamsikia akiongea na mama yake wa Masasi kwa sauti ya juu, kama watu wanavyoongea na walio mbali. "Soma, mama. Mwambie Jenipher wa jirani akusomee. Ndiyo. Ni mie. Hapana, si vitenge!"

31 Mei

Anga safi. Kinondoni kunanuka udongo unaokauka.

Ukumbi wa kusomea una ukuta mmoja mrefu uliopakwa chokaa kwa ajili ya zulia, na boriti inayopita juu katikati, kutoka rafu za vitabu vya Kiswahili na Kiingereza hadi rafu za Kiarabu, Kiurdu na Kigujarati. Fundi wa kutundika, Augustine, kijana mwenye haraka, alikuwa juu ya ngazi tangu saa nne. Farzana alitaka ukutani, kwa sababu ukuta umeshapakwa. Bwana Adelard alisema afadhali boritini, watu wapite huku na huku. Mauwa alisema boritini watoto watavuta vile vikia vya chini. Kisha alisema wakivuta watang'oa viwili vitatu, basi. Na alipotazama mgongo wa kazi yake uliokuwa umeelekea mlangoni mbele ya watu wanne, hakuufunika.

Mimi nilikuwa na kibao mkononi. Sentensi iliyobaki ni ile ya kwanza. Nilianza shajara hii kwa fasili: uso ni upande asiouona mfumaji. Mfumaji huyu aliuona tarehe 17 Aprili akiwa amelowa mvua, na tangu hapo amefuma shubiri zote zilizobaki akizijua pande zote mbili, na ameacha jina lake pande zote mbili. Kwa fasili yangu, zulia hili limeanza na uso na limekwisha bila uso. Ama fasili ni sahihi na kitu hiki si zulia, ama ni zulia na fasili niliiandika nikiwa nimekaa mahali pasipofaa kuonea. Jina la tatu la kibao, lile la aliyekuza mchoro, nimelifuta. Majina mawili yanatosha.

Augustine alitushushia macho kutoka juu ya ngazi, nyundo begani, misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja.

"Mama zangu, mzee wangu, jua linakwenda. Niambieni kitu kimoja tu nimalize: mbele ni wapi?"

Tulitazamana, watu watatu tuliolitengeneza. Mbele ni wapi?